Kapteni Ludovic Joubert: Askari wa Ziwa Tanganyika, na Mwana Aliyeanguka Bila Silaha



Mwezi wa Novemba Mama Kanisa hutukusanya makaburini. Tunawaombea wazazi wetu, watoto wetu na jirani zetu waliotutangulia, na tunaleta majina yao altareni katika nia za Misa Takatifu. Miongoni mwa majina hayo yamo ya askari. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 viliacha misiba katika nyumba nyingi za Tanzania, na bado hatujasahau tarehe 7 Desemba 2017, siku ambayo askari wetu zaidi ya kumi wa kulinda amani waliuawa kambini Semuliki, mashariki mwa Kongo. Kwa wengine wetu majina hayo ni habari za redioni. Kwa familia zao ni kiti kitupu mezani.

Familia iliyopoteza askari hubaki na maswali mawili ambayo rambirambi hazitoshi kuyajibu. La kwanza: mtu aliyekufa akiwa na bunduki mkononi, je, twaweza kumheshimu mbele ya altare bila wasiwasi? La pili: sisi tuliobaki tuitunze vipi kumbukumbu yake? Ili tusaidiane kuyatafakari, tumeona vema kusimulia maisha ya askari mmoja aliyeishi na kufa katika ufuko wa pili wa ziwa letu, na ya mwanawe ambaye Kanisa limemtangaza Mwenyeheri mwaka 2024. Askari huyo ni Kapteni Ludovic Joubert.

Ujana wake na vita vya Roma

Léopold Louis Joubert, aliyejulikana zaidi kwa jina la Ludovic, alizaliwa tarehe 22 Februari 1842 huko Saint-Herblon, magharibi mwa Ufaransa, katika nchi ya wakulima wenye imani ya Kikatoliki iliyokita mizizi. Alipofikisha miaka 18, Italia ilikuwa katika vita vya kuungana kuwa taifa moja, na maeneo yaliyotawaliwa na Papa yalikuwa yakitwaliwa moja baada ya jingine. Baba Mtakatifu Pius IX aliomba vijana wa kujitolea. Joubert aliacha nyumba ya wazazi wake akaenda.

Septemba mwaka 1860 jeshi hilo dogo la Papa lilishindwa vibaya huko Castelfidardo. Waliosalia ndio waliounda kikosi cha Wazuavu wa Kipapa, wajitoleaji waliotoka nchi mbalimbali. Joubert alibaki nao na hatimaye akafikia cheo cha kapteni. Mwaka 1867 Wazuavu walishinda huko Mentana, lakini tarehe 20 Septemba 1870 Roma yenyewe ilitwaliwa. Siku hiyo Pius IX hakutaka damu nyingi imwagike: aliamuru askari wake wapinge kwa muda mfupi tu, ili dunia ione kwamba mji umechukuliwa kwa nguvu, kisha waweke silaha chini. Wazuavu walitii, na kikosi chao kikavunjwa.

Tuliangalie jambo hili kwa makini. Kijana aliyetoa miaka kumi ya maisha yake aliona yale aliyoyapigania yakiisha kwa bendera nyeupe. Na historia imetufundisha kwamba Kanisa halikufa kwa kupoteza majimbo yale ya Italia. Lilibaki na kile lililopewa na Bwana wake. Joubert angeweza kuirudia nyumba yao akiwa mtu mwenye uchungu, wa kusimulia vita vilivyopotea mpaka uzee. Mungu alikuwa amemwekea lindo jingine.

Wito wa Kardinali Lavigerie

Mwaka 1878 Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadre Weupe, walianza safari za kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi maziwa makuu. Mwanzilishi wao, Kardinali Charles Lavigerie, alijua hatari za njia hiyo: homa, njaa, wanyang'anyi, na zaidi ya yote biashara ya watumwa iliyokuwa imeigeuza nchi ya maziwa kuwa uwanja wa mawindo ya binadamu. Akawaomba waliokuwa Wazuavu wa Papa waisindikize misafara ya wamisionari. Joubert alikuwa miongoni mwa waliokubali, akaondoka Ulaya mwaka 1880.

Haukuwa utumishi wa maneno matupu. Tarehe 4 Mei 1881, huko Rumonge katika Burundi ya leo, Padre Deniaud na Padre Augier waliuawa pamoja na mlei aliyewalinda, Félix D'Hoop, Mbelgiji aliyekuwa Mzuavu kama Joubert. Hivyo Joubert alijua mapema kwamba askari wa kazi hii angeweza kuzikwa kandokando ya ziwa, mbali na mama yake. Alirudi Ulaya kwa muda, kisha mwaka 1886 akaja tena. Safari hii hakurudi.

Karema na Mpala

Sisi wa Ufipa tunalijua jina la Karema kama tunavyolijua jina la babu. Boma lake lilijengwa na Wabelgiji mwaka 1879 kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Pili, na mwaka 1885 likakabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Kutoka huko imani ilipanda kutoka ziwani hadi nyanda za juu. Vikarieti ya Kitume ya Tanganyika ndiyo iliyokuja kuwa Jimbo la Karema, na mwaka 1969 jimbo hilo likachukua jina la Sumbawanga. Leo Karema imo ndani ya Jimbo la Mpanda, lililozaliwa kutoka kwetu mwaka 2000. Siku ya anga safi, mtu akisimama ufukoni upande wetu, huiona milima ya Marungu ng'ambo. Chini ya milima hiyo ipo Mpala, boma jingine la Wabelgiji lililokabidhiwa kwa wamisionari wakati uleule. Mwaka 1886 Joubert alifika Karema, na mwaka 1887 akavuka kwenda Mpala.

Tunapozungumzia hatari iliyowakabili watu wa pande hizi mbili, tusiipunguze. Wawindaji wa watumwa walivamia vijiji usiku, wakachoma nyumba na kuua wazee. Vijana, wanawake na watoto walifungwa nira shingoni na kupitishwa Ujiji na Tabora hadi pwani, wengi wao wakibebeshwa pembe za ndovu. Ufipa nao haukusalimika. Daktari Adrien Atiman, ambaye waamini wetu wengi wanamjua kama mganga na katekista wa Karema tangu 1889 hadi alipofariki mwaka 1956, mwenyewe alikuwa mtoto aliyeibwa na kuuzwa huko Afrika Magharibi kabla ya kukombolewa na wamisionari. Alipowatibu watu wa ziwa hili, aliyajua maumivu yao kutoka ndani.

Haki inatudai pia tuseme kwamba utumwa haukuwa dhambi ya watu wa dini moja au rangi moja. Waliouza walikuwamo machifu wa bara. Waliosafirisha walikuwamo wafanyabiashara wa pwani na Waafrika wenzetu wa bara. Na mataifa ya Kikristo ya Ulaya yalikuwa yamefanya biashara hiyo hiyo katika bahari ya Atlantiki kwa karne kadhaa. Mwaka 1888, Papa Leo wa XIII alipoandika waraka wa kuulaani utumwa, na Kardinali Lavigerie alipozunguka miji mikuu ya Ulaya akihubiri dhidi yake, walikuwa pia wanawaita Wakristo watubu.

Huko Mpala, na baadaye katika kijiji alichokianzisha cha Mtakatifu Louis wa Mrumbi, Joubert aliwafundisha vijana wenyeji kulinda vijiji vyao. Watu waliokimbia uvamizi walijenga karibu naye. Adui mkubwa alikuwa Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, mwenye nguvu kubwa kutoka Ujiji. Kwa miaka kadhaa wafuasi wake walikikaribia Mrumbi na Mpala, na Joubert aliwazuia akiwa na watu wachache na risasi chache. Msaada wa maana ulifika mwishoni mwa mwaka 1891, ukiongozwa na Kapteni Jacques wa Ubelgiji, na mwanzoni mwa 1894 nguvu za Rumaliza upande wa Kongo zikavunjwa.

Wapo watu waliouawa katika mapigano hayo, na kila mmoja wao alikuwa na mama. Tena, baada ya wavamizi kuondoka, ilifuata dola ya Mfalme Leopold, iliyowatesa watu wa Kongo kwa kazi za shuruti hadi dunia ikapiga kelele. Bunduki iliyofungua njia ya usalama ilifungua pia njia ya utawala wa kigeni. Mkristo anaweza kushukuru kwa ajili ya kijiji kilichookolewa bila kufumba macho asione yaliyofuata. Kumbukumbu ya marehemu haihitaji uongo ili iwe ya heshima.

Mume, baba na katekista

Wageni wengi wa zama zile walikuja, wakatenda, wakaondoka. Joubert alikaa. Tarehe 13 Februari 1888 alifunga ndoa takatifu na Agnes Atakao, binti Mwafrika wa huko Mpala. Tunapaswa kukumbuka nyakati zile. Wazungu wengi waliozaa na wanawake wa Kiafrika hawakuwapa jina wala heshima. Watoto wao walibaki bila baba. Huyu alisimama mbele ya altare, akatoa ahadi ya Sakramenti, akaishika kwa takribani miaka 40. Nyumba yao ilijaliwa watoto, na watoto hao walilelewa kama watoto wa baba na mama.

Vita vilipokwisha, kapteni hakujua tu kulinda. Alijua pia kufundisha. Alikuwa mlei, wala hakuwahi kuwa padre wala bruda, lakini alifundisha katekisimu, alipatanisha waliogombana na aliwasaidia wagonjwa. Wanaume Wakatoliki wa leo, ambao wakati mwingine tunaiacha dini iwe kazi ya mama na bibi, tunacho cha kujifunza kwa mzee huyu, ambaye bunduki ilipokuwa ukutani aliketi na watoto kuwafundisha ishara ya msalaba.

Katika uzee wake alihamia Misembe, karibu na misioni iliyoitwa Baudouinville, ambayo leo ni Moba. Huko alifariki dunia tarehe 27 Mei 1927, akiwa na miaka 85. Alikuwa amekaa kandokando ya ziwa letu kwa zaidi ya miaka 40 mfululizo. Askari aliyeponea vita vya mabara mawili alikufa kitandani, akiwa babu wa watu.

Mwana aliyeanguka bila silaha

Hata hivyo, nyumba hiyo ilikuwa bado na mtu wa kutoa.

Tarehe 18 Oktoba 1908, hapo Mtakatifu Louis wa Mrumbi, Agnes alikuwa amejifungua mtoto wa kiume aliyeitwa Albert. Baba yake alikuwa na miaka 66. Albert aliitika wito wa upadre, akapewa daraja takatifu mwaka 1935. Baba yake alikuwa amezikwa miaka minane kabla, na hakuiona siku hiyo. Padre Albert Joubert alihudumu mashariki mwa Kongo, na mwaka 1964 alikuwa Fizi, akifanya kazi pamoja na wamisionari Wasaveriani kutoka Italia.

Mwaka huo uasi wa Simba ulikuwa umelishika eneo lote. Waliokuwa na nafasi ya kuondoka walifikiria kuondoka. Mapadre wale na bruda mwenzao walibaki na waamini wao. Jumamosi tarehe 28 Novemba 1964, kiongozi mmoja wa waasi alifika misioni ya Baraka, kandokando ya ziwa, akampiga risasi Bruda Vittorio Faccin. Padre Luigi Carrara, aliyekuwa akiungamisha kanisani, alitoka nje. Aliamriwa apande gari, lakini akachagua kufa pale pale pamoja na ndugu yake, akauawa. Jioni hiyo gari likaenda Fizi. Padre Giovanni Didonè alikuja mlangoni, akapigwa risasi. Padre Albert Joubert akauawa naye. Alikuwa na miaka 56.

Tarehe 18 Agosti 2024, huko Uvira, Kanisa liliwatangaza wote wanne kuwa Wenyeheri, mashahidi wa imani. Hivyo mtoto wa Agnes Atakao na Kapteni Joubert anaheshimiwa leo kama mfiadini, na damu yake ilimwagika karibu na maji haya haya tunayovulia migebuka.

Baba alilinda watu kwa silaha. Mwana alilinda watu kwa kubaki nao. Albert hakuirithi bunduki ya baba yake, alirithi lindo. Wote wawili waliombwa jambo lile lile, yaani wasiwaache watu wakati wa hatari, na kila mmoja alilitimiza kwa namna ya wito wake.

Tunajifunza nini?

Sasa tunaweza kuyarudia yale maswali mawili.

Kuhusu swali la kwanza, mafundisho ya Kanisa yako wazi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake Gaudium et Spes namba 79, unawatazama askari wanaotimiza wajibu wao vema kuwa watumishi wa usalama na uhuru wa watu, na kuwa wachangiaji wa kweli wa amani. Yohane Mbatizaji hakuwafukuza askari waliomwendea; aliwakataza kudhulumu. Bwana wetu aliistaajabia imani ya akida. Mtakatifu Martino wa Tours, tunayemwadhimisha tarehe 11 Novemba, alikuwa askari alipolikata vazi lake akampa maskini nusu. Kinachompa askari heshima ni watu aliowalinda, na mipaka aliyokataa kuivuka hata alipokuwa na nguvu ya kuivuka. Kwa hiyo mzazi wa askari asione haya kuleta jina la mwanawe altareni.

Lakini tusije tukadhani kwamba kuanguka vitani kunamtakasa mtu moja kwa moja. Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12, kinatupa somo zito. Yuda Mmakabayo alipokwenda kuwazika askari wake, alikuta ndani ya nguo za waliouawa hirizi za miungu ya Yamnia, zilizokatazwa na sheria. Hakuficha jambo hilo, wala hakuwatupa wale marehemu. Aliwaombea pamoja na wenzake, akachanga drakma elfu mbili za fedha, akazipeleka Yerusalemu zitolewe sadaka kwa ajili ya dhambi zao, kwa kuwa aliamini ufufuko. Mojawapo ya nguzo kuu za imani yetu juu ya kuwaombea marehemu imeandikwa, basi, juu ya askari waliokufa na hirizi mwilini.

Sisi tunaoishi katika mji ambao jina lake hutafsiriwa kuwa tupa uchawi hatuna haja ya kuelezwa sana maana ya hirizi hizo. Wapo vijana wetu wanaopelekwa kwa waganga kabla ya kwenda jeshini, wakati mwingine na wazazi wabatizwa. Hofu ya mzazi tunaielewa. Lakini hirizi haikuwazuilia kifo askari wa Yuda. Mpeni kijana anayeondoka baraka yenu, rozari, ungamo jema na Komunyo Takatifu. Na ikiwa tayari amekufa na mnajua kwamba alipotea, msikate tamaa wala msimtungie utakatifu. Mwombeeni.

Kuhusu swali la pili, familia ya Joubert inatuelekeza. Kumbukumbu ya askari haitunzwi kwa kuwafundisha watoto chuki dhidi ya kabila, nchi au dini ya waliomwua. Mtu aliyepigana na wavamizi kwa miaka mingi alimlea mwana ambaye, saa yake ilipofika, hakuwa na adui wa kumpiga. Tuwaambie watoto wa marehemu baba yao alikuwa amesimama kwa ajili ya nani. Kisha tuwasaidie kusimama kwa ajili ya mtu: mjane aliyenyang'anywa shamba, mzee anayesingiziwa uchawi, binti anayeachishwa shule. Huko ndiko lindo lilikohamia.

Tena zipo njia ambazo Kanisa limetuwekea mikononi. Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba, anayetembelea makaburi na kuwaombea marehemu, hata kwa sala ya moyoni, anaweza kuwapatia rehema kamili roho za toharani, akitimiza masharti ya kawaida: kitubio, Komunyo Takatifu, sala kwa nia za Baba Mtakatifu, na moyo uliokataa kila dhambi. Familia ambayo mpendwa wake amezikwa mbali, au ambaye mwili wake haukupatikana, isijione imenyimwa neema hiyo. Makaburi ya kijiji chako yanatosha, na Mungu anajua unamwombea nani. Wekeni nia ya Misa. Jumuiya ndogondogo za Kikristo ziwakumbuke wajane na yatima wa askari si siku ya mazishi tu, bali pia mwaka wa tatu na wa kumi, wakati watu wengine wameshasahau.

Tarehe 28 Novemba, tunapoikumbuka siku ile ya Baraka na Fizi, tumwombe Mwenyeheri Albert Joubert na wenzake watuombee sisi tunaoishi pande zote mbili za Ziwa Tanganyika. Tumkabidhi kwa huruma ya Mungu baba yake, Kapteni Ludovic, na mama yake, Agnes. Na katika sala hiyo hiyo kila familia ilitaje kwa sauti jina la askari wake, bila haya na bila hofu, mbele ya Yule ambaye kwake hakuna aliyeanguka akasahaulika.